Nilivyomlowesha Mama Mkwe Kutoka Kigwa Hadi Chemchem

Jamani, jambo hili nilishaapa nitazikwa nalo, ila kwa kuwa Chemchem nzima inalijua na kila mtu analisimulia anavyotaka (wapo wanaosema nilimtumbukiza mama wa watu mtoni, waongo wakubwa), bora mlisikie kwangu mwenyewe, mnicheke mara moja, tuyamalize.

Kwanza mnijue. Mimi nashona kanzu sokoni, na ni mtu wa kushuku, sijifichi. Ukiniuzia kitambaa nitakipima upya mbele yako, ukinisalimia kwa uchangamfu uliozidi najiuliza unataka nini, na mama mkwe wangu, Bi Tausi, alipoulizwa zamani zile kama niozeshwe binti yake alisema maneno machache tu: "Anayeshuku kila mtu, mchunguzeni yeye." Wakaniozesha, lakini maneno yale yalinikaa rohoni miaka yote. Na kwetu mkwe ni mkwe. Humpi mkono, huketi naye jamvi moja, humkodolei macho, na neno lolote kati yenu linapitia kwa mke wako, sasa utamthibitishia lini kwamba wewe ni mtu mwema? Nafasi ikaja mke wangu alipojifungua baada ya kungoja sana. Bi Tausi akatuma salamu kwamba atakuja arobaini ya mjukuu wake, nami nikasema hapandi basi mtu, nitamfuata mwenyewe Kigwa kwa gari langu.

Gari lenyewe ni mtumba wa Japani, lina kile kioo cha kwenye paa kinachofunguka, mafundi wanakiita sanrufu. Nililinunua kwa ajili ya kioo hicho (kwa jua hili la Tabora, sijui nilitaka kuona nini huko juu). Kila siku naliegesha chini ya mwembe ulio mbele ya nyumba ili lisiungue, na mwembe ukichanua maua yanamwagika juu ya gari mpaka linageuka rangi, nami napangusa kioo, naenda zangu.

Mvua za kwanza zilipoanguka nikakuta zulia la gari limelowa chapachapa. Mtu mwingine angesema gari linavuja. Mimi nikajiuliza, nani kamwaga maji humu?

Mtaani kwetu yupo fundi magari anaitwa Kondo, Mzaramo, na mimi Mnyamwezi, kwa hiyo ni watani tangu enzi za misafara, babu zetu walipokuwa wakibeba mizigo kwenda Pwani. Ananitukana, namtukana, msibani ananinyang'anya viatu nirudi pekupeku, na hakuna kukasirika, maana mtani hakasirikiwi. Basi Kondo akapita, akasema, "We Mnyamwezi, maua ya mwembe yameziba njia za maji huko juu. Niletee nizibue, dakika kumi tu."

Nikamtazama. Kajuaje kama gari langu lina maji? (Ni kweli zulia nilikuwa nimelianika juu ya ua, mtaa mzima unaliona, lakini hilo sikulitia akilini.) Alipoondoka nikapanda juu ya kiti, nikakifungua kile kioo, nikachungulia pembeni, na hapo moyo ukanilipuka: kila kona palikuwa na kitundu. Vinne kwa jumla, vya duara safi, kidole kidogo hakiingii. Mvua haitoboi chuma, na panya hatoboi duara. Nikakumbuka Kondo aliwahi kusema msibani, mbele za watu, "Hilo gari lako, Mnyamwezi, iko siku utaogea humo humo." Nikasema ahaa! Kumbe utani ulikuwa ahadi.

Sikumwambia mtu. Nikanunua tyubu ya silikoni, ile ya kuzibia vioo vya madirisha, nikaviziba vitundu vyote vinne mpaka vikafura, nikalala usingizi mzito kama mtu aliyemfungia mwizi nje. Huo ndio uamuzi mdogo ulioniponza. Mengine yote yalitoka hapo.

Siku ya arobaini nikaamka mapema, nikavaa kanzu niliyoishona kwa ajili ya siku hiyo, nikafika Kigwa mvua ikinyesha kama imelipwa. Shemeji yangu ndiye alikuwa aje katikati yetu kama desturi inavyotaka, lakini alikuwa ameshikwa na homa, kwa hiyo tukabaki mimi, Bi Tausi, dumu la asali, na jogoo mmoja aliyefungwa miguu. Nikachuchumaa mbali, nikaangalia pembeni, nikasema shikamoo mama, akaitikia marahaba kwa sauti ya kuutazama ukuta. Akapanda kiti cha nyuma. Nami, kwa heshima, nikakigeuza kioo cha kutazamia nyuma kitazame dari nisije nikamwona. Nilijisifu sana moyoni kwa adabu ile.

Mvua ikakatika, tukaondoka. Tulipoanza kupanda kilima cha kwanza nikasikia nyuma yangu, "Ya Latifu." Nikadhani nakimbiza sana, nikapunguza. Kimya. Nikaongeza kidogo. "Ya Latifu, ya Latifu!" Sasa mimi na akili yangu hii nikaanza kushuku: huyu mama hauamini uendeshaji wangu, kila nikikanyaga mafuta anaomba dua, akifika atawaambia watu nilitaka kumuua. Nikaona dawa ni safari iishe upesi, nikakanyaga zaidi. Jogoo naye akaanza kupiga kelele za ajabu, nikamshuku hata yeye. Na harufu ya unyevu ikanijia, nikamlaani Kondo kimoyomoyo njia nzima, hata mara moja sikugeuka nyuma. Ningegeukaje? Ni mkwe.

Tukafika Chemchem. Kina mama wamejaa mlangoni, wananisubiri, nami nikataka kuingia kwa madoido, nikapiga honi, nikaja mbio kidogo halafu nikakanyaga breki pale pale mbele yao. Wallahi, maji yote yaliyokuwa yamejikusanya juu yakaja mbele kwa mkupuo, yakanimwagikia kichwani, kofia ikaelea mapajani. Vigelegele vikaanza, vikakatika. Mlango wa nyuma ukafunguliwa, akashuka Bi Tausi. Khanga imemganda mwilini, maji yanamchuruzika hadi kwenye ndara, na jogoo kanyong'onyea mikononi mwake. Mama mmoja akauliza, "Kwani mmepita wapi nyie, mtoni?"

Hapo, ndugu zangu, ningekaa kimya. Lakini Kondo alikuwa palepale, amejifunga khanga kiunoni, anakoroga pilau la arobaini ya mwanangu tangu alfajiri, na nilipomwona damu ikanipanda. Nikamnyooshea kidole mbele ya watu wote, mwenyekiti wa mtaa akiwemo. "Ni huyu! Ametoboa gari langu! Nina ushahidi, matundu manne! Mwenyekiti, naomba ashikwe!"

Watu wakacheka, wakidhani ni utani. Nikapiga kelele kwamba si utani, simtanii, ni adui yangu. Kicheko kikafa. Kondo aliweka mwiko chini taratibu. Nilimwona uso ulivyomshuka. Nauona mpaka leo.

Akaniomba ufunguo tu. Akakifungua kile kioo, akamwita mwenyekiti achungulie, akabandua silikoni yangu kwa ukucha. "Hii nani kaiweka?" Akaenda kwake, akarudi na mshipi mnene wa kuvulia samaki (waya hapana, alimweleza mwenyekiti, unapasua mpira wa ndani unaopitisha maji, halafu ndiyo umeharibu kabisa), akauingiza tunduni polepole, anausukuma na kuurudisha, mpaka nyuma ya gurudumu la mbele likaanguka donge jeusi la maua ya mwembe yaliyooza. Akamimina kikombe cha maji juu. Yakateremka ndani ya nguzo ya mlango, yakatokea chini, yakaingia mchangani. "Matundu haya gari limetoka nayo kiwandani," akasema. "Maji lazima yapenye kwenye hicho kioo, ndiyo yakawekewa njia ya kutokea. Wewe umeifunga." Akafanya na matatu yaliyobaki, bila mzaha hata mmoja. Hilo ndilo lililoniumiza, kule kukosa mzaha.

Ndipo Bi Tausi, aliyekuwa bado amesimama mlangoni na khanga yake imelowa, akafungua kinywa. Mke wangu akasogea ili ayapokee maneno anifikishie, mama akamweka pembeni kwa mkono. Akaniangalia mimi.

"Baba, mimi nimelowa tangu kile kilima, nikanyamaza njia nzima nisikuaibishe. Wewe umeshindwa kunyamaza dakika moja usimwaibishe mwenzako?"

Hayo ndiyo maneno ya kwanza mama mkwe wangu kuniambia mimi mwenyewe, ana kwa ana, na yalisemwa mbele ya sufuria mbili za pilau na mtaa mzima. Nikapiga magoti kwenye tope, na kanzu yangu ile, nikamwomba Kondo msamaha. Akaitazama kanzu ilivyojaa tope, akasema, "Faini. Huyo jogoo awe wangu, na kanzu hiyo uliyovaa, uifue kwanza." Watu wakashusha pumzi, na mimi nikalia, nikasema ni maji ya gari.

Tangu hapo, maua ya mwembe yakianza kudondoka tu nafungua kioo, natoa majani kwa mkono, napitisha mshipi tundu kwa tundu, namimina kikombe cha maji na kuchungulia kama yanatoka chini, na tundu nisilojua limewekwa kwa nini sizibi tena maishani mwangu. Kondo akipita huuliza kama leo nimemkamata nani. Kanzu yangu anaivaa kila Ijumaa, anakaa safu ya mbele yangu makusudi. Bi Tausi alikaa kwetu siku saba, salamu zake zikawa zinapitia tena kwa binti yake, na siku ya kurudi Kigwa alipanda treni.