Mlio Nyuma ya Chiriku

Katika kundi letu la mtandaoni la kurekodi ndege tulimwita Bubu, kwa kuwa kwa miaka sita hatukuwahi kusikia sauti yake. Alikuwa fundi cherehani. Hilo tu alitueleza. Kila asubuhi simu yake, aliyoiweka dirishani, ilirekodi dakika mbili za chiriku wake na kuzituma yenyewe kwenye tovuti yetu. Mahali hakusema, nasi hatukuuliza. Ndiyo sheria yetu: ukitaja kiota kilipo, wategaji watafika kabla makinda hawajaota manyoya.

Jumanne moja nilikuwa nafungua maktaba ninakofanya kazi, rekodi yake ikaingia. Chiriku waliimba, kiti kikaburuzwa, kitu kizito kikaanguka. Kisha pumzi ya mtu, fupi fupi, hadi mwisho.

Nilimpigia, ikaita tu. Polisi wakaniuliza jina na mtaa. Sikuwa na hata kimoja.

Tukageukia rekodi zake za zamani, safari hii tukiwasukuma ndege kando na kutega sikio nyuma yao. Mmoja wetu alisikia kengele ya shule, mwingine geti la chuma. Saa nne ikapita, saa tano ikapita. Ndipo akanipigia mwenzetu mmoja, fundi pampu, mzee wa utani tuliyemwita Babu Bomba.

"Dada, sikiliza ile ya mwezi wa tatu. Kuna kitu kinakwaruza. Ni beringi ya pampu ya maji. Niliirudishia mimi, imeshalika, nikawaambia wenye nyumba wanunue mpya. Mabahili wale."

"Ni wapi, mzee?"

"Nyuma ya kiwanda cha sabuni. Nikungoje?"

"Tangulia."

Nilipofika alishavunja komeo. Bubu alikuwa chini, kati ya cherehani na meza ya kukatia, mdomo umepinda, macho wazi. Dirishani chiriku walikuwa wanalisha makinda.

Siku ya nne hospitalini alianza kusema. Nilitazamia shukrani, lakini alinitazama kwa hofu.

"Mmepajuaje?"

Nikamweleza: kengele, geti, pampu.

"Basi na wategaji watapajua." Kila neno lilimtoka kwa shida. "Futa. Zote."

Nilimwahidi, nikidhani nina muda wa kumbembeleza. Wiki iliyofuata kiharusi kilirudi, na hakikumwacha.

Tulipokutana kumkumbuka, watu kumi na mmoja ambao wengi hatukuwa tumeonana, waliniomba mimi, msimamizi wa kundi, niwawekee japo rekodi yake moja. Sikuwa nayo. Nilizifuta asubuhi aliyofariki, elfu mbili na ushee, hata ile ya pumzi, maana makinda walikuwa bado hawajaruka. Niliwaambia hivyo. Mwalimu mmoja akatoka nje.

Babu Bomba akasogeza kiti chake karibu na changu. Akaninong'oneza kwamba jana yake alikwenda kule kwa Bubu na beringi mpya, akaifunga bila kudai hela, mlio usije ukamwongoza mtegaji. Pampu ile haikwaruzi tena.