Siku Tatu za Stumai Gunda Nje ya Ofisi

Stumai Gunda ana miaka arobaini na mbili, na kumi na saba kati ya hiyo ameitumia katika kiwanda cha mafuta ya alizeti cha familia ya Hirji, hapa Singida mjini. Alianza akiwa karani wa mizani, akipima magunia juani. Leo anaongoza ofisi ya uhasibu yenye watu watano. Wa tano ni mimi. Nilifika mwaka jana nikiwa na shahada mpya na blauzi niliyoipiga pasi mara mbili, na siku ya kwanza aliniuliza swali moja tu.

"Catherine, chai umekunywa?"

Nilipojibu kwamba sijanywa, alinirudisha nje nikanywe kwanza. "Mtu mwenye njaa ananikosea hesabu," alisema, "halafu anayesaini ni mimi."

Ndivyo alivyo. Saa kumi na moja jioni hupita mezani kwa kila mmoja wetu na kutuambia tufunge. Likizo zetu anazipanga yeye, na mtu akijifanya hana haja ya kupumzika, humwandikia barua. Ajabu ni kwamba yeye mwenyewe alikuwa hajaenda likizo kwa miaka minne. Mwezi wa pili mwaka huu alishikwa na kizunguzungu kwenye ngazi za ofisi, na hospitalini wakamwambia ana presha. Alirudi kazini kesho yake na dawa mkobani.

Kilichokuwa kikimlemea tulikijua sote. Stumai, binti wa wakulima wa Iguguno kule Mkalama, alisoma cheti, kisha stashahada, kisha shahada, vyote akiwa kazini. Akaanza mitihani ya bodi ya wahasibu na kuifaulu mmoja baada ya mwingine, hadi ukabaki wa kodi. Mara ya kwanza alipoufanya, ofisi ilimpigia simu mara sita asubuhi ile ile, akaingia chumba cha mtihani kichwa kikiwaka moto, akafeli. Mara ya pili hakwenda kabisa: lori letu lilikuwa limeharibika njiani, kule Mkiwa, na hakuna aliyejua pa kuanzia ila yeye.

Mwezi wa tatu, Mama Urvashi Hirji, ambaye ndiye mwenye kiwanda tangu mumewe afariki, alimwita. Benki inayotukopesha ilitaka hesabu zetu zisimamiwe na mhasibu mwenye usajili kamili.

"Stumai, mimi nakutaka wewe," alimwambia mbele yetu, maana mama huyu hana siri. "Lakini usipofaulu mtihani wa mwezi wa tano, mwezi wa saba matokeo yakitoka naleta mtu kutoka Dar es Salaam. Utamwita bosi. Utaweza?"

"Sitaweza, mama."

"Basi nenda ukafanye mtihani. Na simu yako ya kazi utaniachia mimi."

Mtihani uliangukia wiki ya kwanza ya kununua alizeti. Stumai alituandikia maelekezo ya kurasa kumi na nane: nani anasaini nini, lori gani linakwenda wapi, hata mahali ulipo ufunguo wa akiba. Jumanne asubuhi alimkabidhi Mama Urvashi simu, akapanda basi kwenda Dodoma kwa dada yake, Flora. Shughuli zote alimwachia msaidizi wake, Sostenes.

Sostenes ni mtu wa Kiomboi, mpole, aliyesoma shule za bweni tangu utotoni. Jumanne ilipita vizuri. Jumatano, siku ya mtihani wenyewe, walikuja wakulima zaidi ya arobaini kutoka vijiji vya Iramba, Wanyiramba kama Stumai na Sostenes, wakiongozwa na Mzee Antipasi, mwenyekiti wa kikundi chao. Magunia yalipimwa, kompyuta ikatoa stakabadhi, na Sostenes akaanza kuzipitisha moja moja kwenye tundu la dirisha ili wakulima wasaini. Alijivunia kasi yake. Aliniambia kwamba kwa mwendo ule tungemaliza kabla ya saa sita.

Mzee Antipasi alikuwa wa kwanza. Aliitazama stakabadhi, akaigeuza, akairudisha ndani kupitia tundu lile lile.

"Stumai yuko wapi?"

"Shikamoo mzee. Yuko safarini," Sostenes alijibu.

"Marahaba. Safari gani msimu huu?"

"Ya kikazi tu, mzee. Saini hapo chini."

"Sisaini. Tutamsubiri."

Akaenda kukaa juu ya gunia lake. Wenzake wakamfuata, mmoja mmoja, bila kelele, na uwanja mzima ukawa umekaa. Tulifungua zile kurasa kumi na nane tukatafuta. Hakukuwa na mstari wowote kuhusu wakulima waliokaa juu ya magunia.

Saa tatu na nusu dalali mmoja alisimama getini, akitangaza kwamba ana lori tupu na fedha mkononi. Vijana wawili wakaanza kubeba gunia lao kuelekea kwake. Sostenes alitoa simu mfukoni.

"Nampigia Flora. Mtihani unaanza saa nne. Bado tunaweza kumpata."

"Kaka Sostenes, tukimpata ndiyo itakuwa kama ile mara ya kwanza," nilisema.

"Na alizeti ikiondoka yote? Atarudi kusimamia nini?"

Mama Urvashi alikuwa ameshuka ngazi, akatusikia. Nilidhani angeamua yeye. Alitazama uwanja, akamtazama Sostenes.

"Leo ofisi ni yako," alisema. "Mimi nikitoka pale watazungumza na mimi, na kesho watanitaka mimi tena. Ila ujue, mwaka mwingine wa kumpa Stumai sina."

Sostenes aliitazama namba ya Flora kwenye simu. Kisha akairudisha mfukoni, akafungua mlango wa pembeni, akatoka. Nilimfuata.

"Mzee," alimwambia Antipasi, "nimekuficha ukweli. Stumai yuko Dodoma kwenye mtihani. Akifeli huu, analetewa mtu wa kumtawala. Niliogopa nikisema ukweli mtaondoka."

Mzee Antipasi alimkodolea macho. "Mtoto wetu yuko kwenye mtihani, halafu wewe unatuambia safari ya kikazi?"

"Samahani, mzee."

"Sasa sikiliza. Stumai hatupitishii karatasi kwenye tundu kama tunanunua vocha. Anatoka, anakaa hapa kwenye gunia, anasoma kwa sauti. Gunia lilikuwa na kilo ngapi, kwa makapi umetoa ngapi, kwa unyevu umetoa ngapi, zimebaki ngapi. Jirani yangu anasikia, na mimi nasikia la jirani. Ndipo nasaini. Zamani alipita mnunuzi vijijini kwetu akatukata kimya kimya miaka mitatu. Tulijifunza."

Ndipo nilipoelewa. Mimi nilifika msimu wa alizeti ukiwa umekwisha, na misimu yote Sostenes alikuwa akibaki ndani na kompyuta. Stumai hakuliandika jambo hilo kwa sababu kwake halikuwa utaratibu wa ofisi. Ni namna ya kuzungumza na watu wa kwao, na hakuwahi kufikiri kwamba kuna mtu asiyeijua.

Sostenes alikaa juu ya gunia na suruali yake safi. Akasoma kilo za Mzee Antipasi. Bibi mmoja nyuma akasema hasikii Kiswahili cha haraka hivyo, asomewe Kinyiramba. Sostenes akajaribu. Alipofika kwenye makapi, uwanja wote ulicheka.

"Kinyiramba chako kimekulia bweni!" bibi alimpigia kelele.

"Nisahihishe basi, bibi."

"Nitakusahihisha mpaka jioni. Endelea!"

Wale vijana wawili walirudi na gunia lao. Mimi ni Mnyaturu wa Ikungi, Kinyiramba sikijui, kwa hiyo nilishika kalamu na stakabadhi huku Sostenes akisoma na bibi akisahihisha. Tulimaliza saa kumi na moja, sauti ya Sostenes ikiwa imekauka. Kabla ya kupanda gari lao, Mzee Antipasi alituuliza kama mtihani umekwisha. Tulimwambia umekwisha tangu mchana. Akasema, "Haya," akapanda.

Alhamisi jioni Stumai alirudi na kupitia ofisini na begi lake. Sostenes alimweleza yote, pamoja na uongo wake wa mwanzo. Stumai alisikiliza akiwa amesimama.

"Na hamkunipigia?"

"Hatukukupigia."

Alikaa kwenye kiti cha wageni, akafunika uso kwa viganja. Alipovitoa alikuwa anacheka. Alituambia kwamba ndani ya chumba cha mtihani alisikia simu ya mtu ikilia nje, akashtuka akidhani ni sisi, kisha akakumbuka kwamba simu yake iko Singida. Akaendelea kuandika.

Matokeo yalitoka mwezi wa saba, tukiwa kazini. Aliyasoma kwenye kompyuta yangu kwa sababu yake ilikuwa nzito kufunguka. Amefaulu. Mama Urvashi alishuka ngazi haraka kuliko nilivyowahi kumwona, akamkumbatia, akatangaza palepale kwamba kuanzia siku hiyo cheo chake ni Mhasibu Mkuu, na kwamba Dar es Salaam wabaki na mtu wao. Mashine zilizimwa kwa robo saa ili wafanyakazi wote waje kumpa mkono. Nimeona mahafali kadhaa katika maisha yangu mafupi, yangu mwenyewe yakiwemo. Sijaona yaliyopendeza kuliko yale, watu wakiwa na mashudu ya alizeti nywelini.

Walipotawanyika, Stumai alitoa bahasha kwenye droo yake. Ndani yake mlikuwa na fomu za kujiandikisha kwa mitihani ya mwezi wa kumi na moja. Alikuwa amezichukua Dodoma siku ile ile ya mtihani, kabla hajajua kama yeye mwenyewe amefaulu. Moja aliiweka mbele ya Sostenes.

"Ada inalipwa na kiwanda, nimeshaongea na mama. Siku za mtihani wako meza yako nitaikalia mimi."

Sostenes aliitazama fomu, akamtazama Stumai.

"Dada, nianze na karatasi ngapi za mtihani?"

"Mbili. Tatu zitakuumiza, una mtoto mchanga nyumbani. Andika jina lako lote, kwa herufi kubwa."

Akaandika. Nyingine ilikuwa ya kwangu.