Sofa ya Bi Zarina na sauti niliyokuwa naikata

Wakuu, wakubwa shikamooni, wenzangu salama?

Miaka yote nasoma tu nyuzi zenu napita. Leo naweka hadithi yangu. Sikuitunga, na kuna mahali inanitia aibu, mtanivumilia.

Mimi ni mtu wa Tanga, naishi London, Thornton Heath. Kazi yangu filamu za watu wetu wa huku: wabeba boksi, manesi, wanafunzi waliokuja kwa mwaka mmoja wakakaa thelathini.

Nilianza miaka ya tisini, mwanafunzi wa film. Jumamosi nilikuwa napanga mali dukani kwa Mhindi mmoja, Karim. Siku moja mama yake alipita pale, akanisikia naongea Kiswahili na mteja.

"We mtoto wa wapi?"

"Tanga, mama."

"Tanga kubwa. Wapi?"

"Ngamiani, barabara ya tisa."

Akaweka mkoba chini. "Mimi barabara ya kumi na mbili. Karim, mpe huyu kiti."

Ndiye Bi Zarina. Kiswahili chake kilikuwa kitamu kuliko changu. Nyumbani kwake hakuwa na wa kuongea naye, maana wanawe walimwelewa ila walimjibu kwa Kiingereza.

Sasa vijana, enzi hizo hakuna WhatsApp. Ukitaka mama akuone, unarekodi kaseti ya salamu, unampa mtu anayekwenda likizo. Mwenye kamera nilikuwa mimi, basi nikawa naitwa kila kona.

Shida ikawa moja. Nani anataka mama yake aone chumba ambacho kitanda na jiko vinaangaliana?

Bi Zarina akasema, "Walete kwangu Stanmore. Ile sebule nakaa mimi na saa ya ukutani tu."

Ikawa kila Jumapili watu wanapiga suti, tunapanda tube, treni ya chini kwa chini, mpaka mwisho wa line, wanakaa kwenye sofa yake ya rangi ya damu ya mzee, nyuma pazia la dhahabu. Haya, anza. "Mama, mimi huku sijambo, hofu na mashaka ni juu yenu."

Jambo ambalo hatukulifikiria ni kwamba kule Tanga kaseti zote zilikuwa zinatazamwa kwenye deki moja, ya jirani mmoja.

Dada Mwanahawa, aliyekuwa carer, mtunza wazee, kule Lewisham, alipigiwa simu na mama yake. "Mbona wewe na yule mtoto wa Mzee Hatibu mna sofa moja? Mmeoana hamtuambii?"

Tulicheka wiki nzima. Bi Zarina alicheka mpaka akajifuta machozi kwa mtandio.

Nazikumbuka sana Jumapili zile, wakuu. Bhajia za moto, chai ya tangawizi, watu wazima wamevua viatu wanabishana ni barabara gani kulikuwa na mikate mizuri. Sijawahi kuwa Tanga kama nilivyokuwa Tanga pale Stanmore.

Lakini naye alikuwa na ombi lake.

"Na mimi utanirekodi lini? Nina salamu zangu."

Zilikuwa za Mwanamkuu, shoga yake wa utotoni, walikaa ukuta kwa ukuta. Nyumba ya kina Zarina ilipotaifishwa, baba yake aliwakusanya wakaondoka haraka haraka. "Sikumuaga," aliniambia. "Mpaka leo hajui kama nilitaka. Nataka anione nikimwomba radhi."

Nikamjibu Jumapili ijayo. Ikija hiyo, nasema ijayo.

Niseme ukweli, na hapa ndipo penye aibu. Nilijiona natengeneza filamu za watu wetu, na yeye sikumhesabu. Mama wa bosi, ana nyumba Stanmore, huyo ana habari gani na uhamiaji? Nilikuwa mjinga, tena mjinga mwenye kamera.

Isitoshe alikuwa ananikera. Mtu akianza kulengwalengwa na machozi mbele ya kamera, Bi Zarina lazima aite kutoka jikoni: "Njooni mnywe chai, itapoa." Maikrofoni inanasa kila kitu. Nikikaa kwenye editing, kazi ya kwanza ni kuikata sauti yake.

Miaka minne nilifanya hivyo.

Akaja akaugua kifua majira ya baridi, hakumaliza hata wiki mbili. Baada ya mazishi Karim alinishika bega. "You must have loads of Mum on film." Yaani lazima ninazo picha tele za mama yake. Familia nzima haikuwahi kumrekodi, walijua mwenye kamera yupo kila Jumapili.

Nikarudi kwangu nikafungua sanduku la kaseti za mwanzo, zile ambazo hazijakatwa. Nilizitazama zote. Sura yake haimo hata moja. Sauti imo, mara kumi na moja. Nililia, sitaficha.

Mwaka ule nikaenda Tanga na kinasa sauti. Barabara ya kumi na mbili niliulizia nyumba tatu tu. Bi Mwanamkuu alikuwa hai, macho yameshafunga, haoni tena. Nikamweleza mwanzo mpaka mwisho, radhi ya mwenzake nikaifikisha kwa mdomo wangu.

Kisha nikamwekea.

"Njooni mnywe chai, itapoa."

Akainamia kinasa sauti. "Rudia." Nikarudia. Mara ya tatu mguu wake ukaanza kupapasa sakafuni unatafuta kandambili.

"Nakuja, Zarina," akasema.

Filamu yangu ya kwanza inaanza na sofa tupu na sauti ile. Tuliionyesha ukumbi wa kanisa, Lewisham. Karim alikaa mbele na dada Mwanahawa, wakashikana mikono muda wote.

Nilichojifunza ni kidogo tu. Mtu akikwambia nirekodi, mrekodi siku hiyo hiyo, na usimchagulie kama ni wenu au si wenu.

Nina ombi, wakuu, hasa wa Tanga. Mkiwa na kaseti ya zamani yenye sofa ya rangi ya damu ya mzee na pazia la dhahabu, msiitupe. Itazameni mpaka mwisho. Zipo nilizotuma kwa haraka bila kukata wala kubaki na nakala; huenda mahali nilisahau kuzima kamera, akapita mama ameshika sinia.

Mkimwona, niandikieni hapa. Karim bado ananiuliza.