Mchi wa Mama na Madigadi ya Buluu

Mwaka mzima wa vita, sombe ya nyumbani kwetu ilinuka rangi ya gari. Mama aliuosha ule mchi kwa majivu, akaumwagia maji ya moto, akauparuza kwa kisu, na bado majani ya muhogo yalitoka kinuni na chembe za buluu. Tulikula hivyo hivyo. Hadi leo nikisikia mchi ukigonga kinu, kwanza naona gari, njaa inakuja baadaye.

Papa alikuwa karani wa shule ya Wamethodisti pale Kamina, na mtu wa kujipenda. Tone la matope kwenye soksi lilitosha kumrudisha nyumbani. Gari lake la buluu lilikuwa limenizidi umri, na kila Jumamosi aliliosha mwenyewe na kulifuta kwa kitambaa chake ambacho hata Mama hakuruhusiwa kukigusa. Mtu akiliegemea, Papa alimuuliza kwa heshima kama ukuta wa nyumba yake umeanguka. Jumapili aliliegesha mahali ambapo kila anayetoka kanisani angepita karibu nalo.

Kisha vita vikaanza kusogea upande wa Kabongo, alikokaa Nkambo, mama yake Papa, peke yake. Treni ilikuja siku iliyotaka yenyewe. Ilibidi Papa amfuate kwa gari, na tairi za gari zilikuwa zimekwisha hadi nyuzi zinaonekana. Mjini hapakuwa na nyingine. Papa akatoa redio yetu, akapewa magurudumu mapana ya pikapu iliyofia upande wa Base, kambi ya jeshi. Yangefaa hata kwenye mchanga wa barabara ya Kabongo, ila kila usukani ulipozungushwa, tairi ilikwaruza ukingo wa madigadi na uwanja ukanuka mpira ulioungua.

Akaitwa Kalenga, fundi wa mabati, ambaye sisi tulimwita tolie.

"Mama, unipe muchi," alisema.

"Muchi ya sombe? Unataka kutwanga mutuka?" Mama akaligeukia gari.

"Njo vile, Mama. Lakini polepole."

Alisogeza makaa ya mbabula, jiko letu, karibu na ukingo ili rangi ilainike isipasuke, akauchomeka mchi kati ya tairi na bati. Halafu sisi watoto na akina mama wa kwaya ya kanisani kwetu tukalisukuma gari mbele kidogo, nyuma kidogo. Mchi ulizunguka ukilia, na ukingo ukajikunja ndani taratibu, madigadi ikavimba. Papa alishindwa kutazama. Aliingia ndani, akatoka, akaingia tena. Jioni madigadi zote zilikuwa zimetanuka vizuri, rangi imechubuka kidogo tu. Papa alizunguka gari lake akitabasamu, nami nikajiona mtoto wa mtu mkubwa.

Kesho yake askari walimnyang'anya mwalimu jirani yetu gari lake kwenye bariyeri, kizuizi chao cha barabarani. Lilikuwa gari safi, nao walisema linahitajika mbele kwenye mapigano. Alirudi kwa miguu amebeba jeki, kitu pekee walichomwachia. Papa alikwenda kumpa pole, akarudi na kulizunguka gari lake, safari hii bila kutabasamu.

Siku chache baadaye, nilipotoka shule, nilikuta gari letu si lile. Madigadi za mbele hazikuwepo. Mahali pake palining'inia mabati ya paa, yana matundu ya misumari, yamefungwa kwa waya. Milango ilikuwa imepakwa udongo.

"Papa, Kalenga njo aliharibisha?"

"Kalenga alifanya kazi yake. Enda usaidie mama yako."

Shuleni wakaliita banda la kuku. Nilipopita waliwika. Jumapili Papa aliliegesha palepale pa siku zote, akina mama wa kwaya wakaziba midomo kwa vitenge, naye akawasalimia mmoja mmoja. Nilitamani ardhi inimeze.

Alipoondoka kwenda Kabongo tuliogopa. Mama alitwanga sombe hata siku ambazo hakuna aliyekuwa na hamu ya kula. Hatimaye banda la kuku likaingia uwanjani, Nkambo amekaa mbele, mapajani ana kuku wa kweli.

"Kwa bariyeri," Nkambo alitusimulia, "soda moja na bunduki yake alizunguka mutuka, akacheka mupaka machozi. Akauliza: 'Muzee, hii maiti unaipeleka kuzika wapi?' Papa yenu akajibu: 'Kamina, chef.' Akasema: 'Haya, pita na maiti yako.'"

Watu walicheka. Mimi nililia. Papa wangu, achekwe na watu wenye bunduki, aitikie "chef" kama anayemwita mkubwa wake!

Nkambo alipewa kitanda changu, mimi nikahamia kwenye mkeka kando yake. Usiku ule chini ya kitanda pakatokea furushi kubwa la gunia lililofungwa kamba. Nilidhani ni mali yake ya Kabongo, na moyoni nikaomba viwe vitenge, kwa sababu nilikuwa mjukuu wake wa kike pekee. Nilipojigeuza usingizini, pembe ya furushi ilinichoma muundi. Sikuligusa. Nani anafungua furushi la bibi?

Bariyeri zilipoondolewa, Papa alinituma kumwita Kalenga. Kisha akaingia chumbani, akapiga magoti, akalivuta lile furushi. Nkambo alikuwa anamenya karanga, wala hakuinua macho. Zikatoka madigadi mbili za buluu, zimepakwa mawese zisishike kutu, kingo zake zimekunjwa kwa mchi wa Mama.

Kalenga alizigeuza juani. "Iko vile vile niliiacha," alisema, akaanza kufunga nati akipiga mluzi.

Nilikuwa nimekua kidogo, nikathubutu. "Papa, batu bote balikucheka."

"Njo ile nilikuwa natafuta," alisema, akaomba kitambaa chake.

Utotoni nilidhani Papa haoni wanavyomcheka. Kumbe alimwona kila mmoja na ikamuuma, maana hakuna kitu alichopenda kama kutazamwa vizuri. Hicho ndicho alichokitoa ili askari wasilitamani gari, kila Jumapili, bila kutuambia watoto, tusije tukaropoka. Gari la jirani halikuonekana tena. La kwetu lilibaki, na Nkambo alikaa mezani petu, akitema chembe za buluu kwenye kiganja na kulalamika kwamba sombe ya mkwe wake haina chumvi.