Ulaya Niliyoitazama Nikiwa Columbia Heights

Picha moja niliiona nikiwa juu ya mashine ya kukimbilia, kwenye jimu moja ya Columbia Heights, Minnesota, saa nne asubuhi. Rafiki yangu alikuwa anapanda ngazi za mawe mjini Lisbon, amevaa suruali ya mazoezi yenye rangi za kitenge, goti juu, jasho linang'aa shingoni, na nyuma yake tramu ya manjano imesimama kwenye kona kana kwamba imeombwa ingoje. Nilibonyeza mashine ikasimama. Niliikuza ile picha kwa vidole viwili nikitafuta kosa. Nilitafuta kwa bidii, na nilipoona kwamba nyumba zimeinama kidogo upande wa kushoto, nilifurahi sana. Bibi mmoja kwenye baiskeli ya pembeni akaniuliza kama nimepata habari njema.

Nisizunguke: nilikuwa na wivu. Si wivu wa kumwambia mtu hongera huku nacheka. Ulikuwa wivu wa kuninyima usingizi na kunifanya nile mkate mkavu nimesimama jikoni, simu mkononi. Kila asubuhi nilijiambia sitafungua, na kila asubuhi nilifungua kabla sijapiga mswaki.

Kilichoniuma zaidi ni kwamba kamera alifundishwa na mimi. Tulikutana kazini, kwenye nyumba ya kutunzia wazee huko Champlin, tukiwaogesha na kuwavalisha watu waliokuwa wakisahau majina yetu kila baada ya chai. Mimi wikendi nilikuwa napiga picha za harusi na za mahafali ya Wakenya, kwa kamera niliyoinunua ikiwa imetumika. Yeye alianza kwa kunibebea begi. Kisha akataka kujua kwa nini watu wetu wanatoka weusi tititi wakipigwa picha nje wakati wa baridi. Nikamweleza kwamba theluji inaidanganya kamera, inadhani mwanga ni mwingi, kwa hiyo lazima uongeze mwanga kwa mkono wako mwenyewe, usiiachie mashine iamue. Akaniambia, "Wewe ni mwalimu, haki." Nilivimba kichwa wiki nzima.

Januari moja tukajiunga na jimu pamoja na kuapiana kwamba safari hii hatuachi. Mimi nilienda mara tisa nikaacha, nikaja kurudi tu picha za Ulaya zilipoanza. Yeye hakuacha. Mabega yakatoka, kiuno kikaingia, akaanza kutembea kama mtu anayejua anakokwenda. Halafu akafanya jambo ambalo sikuwa nimelifikiria: akaanza kuwapiga picha kina mama wetu wakifanya mazoezi, wauguzi wa miaka hamsini na kitu wenye vilemba vichwani, wakiinua vyuma baada ya zamu. Niliziona nikacheka, nikamuuliza nani atataka kuangalia mama wa watu anahema. Lakini nilijua ni nzuri. Nilijua mara moja, kwa sababu nilitamani ziwe zangu.

Kulikuwa na mama mmoja Mkongo, fundi wa nguo wa Brooklyn Park, ambaye nilikuwa nimepiga picha za harusi ya binti yake. Huyu mama alikuwa ameanza kushona nguo za mazoezi zenye michoro ya kitenge, suruali za kubana na vizibao, chini kwenye ghorofa ya ardhini ya nyumba yake. Aliziona zile picha za wauguzi akampenda rafiki yangu. Basi alipoalikwa kuonyesha nguo zake Brussels, Paris na Lisbon, akamwomba awe mpiga picha wake na atafute mwenzake wa pili.

Mpiga picha wa pili. Miji mitatu, wiki mbili, nguo za rangi kali na wanawake wanaokimbia. Sikuwahi kutaka kitu kama nilivyotaka kile. Nami ndiye niliyemfundisha, kwa hiyo sikuona haja ya kuomba. Nilikaa nikingoja simu yake.

Sikupigiwa. Habari nilizipata kanisani wakati wa matangazo, mzee wa kanisa aliposema tuwakumbuke kwa maombi mabinti zetu wawili wanaosafiri kwenda Ulaya. Binti wa pili alikuwa mwanafunzi wa chuo aliyepewa kamera Krismasi iliyopita, ambaye wiki chache kabla alikuwa ameniuliza kadi ya kumbukumbu inaingilia wapi. Nilipiga makofi pamoja na wengine.

Kwetu huku mtu hasafiri bila kuombewa. Jumamosi kabla ya safari tulijazana nyumbani kwake Blaine, viatu vimerundikana mlangoni, chapati zimefunikwa kwa taulo, na mama mmoja akaomba mpaka chai ikapoa, akimtaja rubani, matairi ya ndege na maafisa wa uhamiaji. Mimi nilikuwa nimejificha nyuma ya kamera. Ukiwa unapiga picha hakuna anayekutazama usoni. Nilipoaga, rafiki yangu alinifuata hadi kwenye gari langu, akanikumbatia kwa nguvu.

"Usijali, my dear," akasema. "Time yako itafika tu."

Nilitia gari moto nikaondoka bila kufunga mkanda. Time yangu! Mtu niliyemfundisha kuweka betri ananiambia muda wangu utafika. Nilisema peke yangu garini maneno ambayo siwezi kuyaandika hapa, mama yangu bado anasoma.

Hapa lazima niseme kitu kuhusu makaratasi. Huku tunaulizana mambo mengi, mshahara, mimba, kwa nini hujaolewa, lakini makaratasi hatuulizani. Mtu anaweza kula kwako miaka kumi usijue kama anaruhusiwa kukaa nchi hii. Mnasoma tu kwa ishara, halafu mnanyamaza kwa heshima. Baba yangu alipofariki miaka miwili kabla ya haya, sikwenda kumzika, kwa sababu ningetoka nisingeweza kurudi. Nilitazama mazishi kwa simu, nimekaa kwenye kochi langu. Rafiki yangu alikuja, akakaa kando yangu saa zote zile, akinipa tishu, na hakuniuliza kwa nini sikupanda ndege. Hakuna aliyeniuliza.

Januari mwaka wa safari yao, kadi yangu ya kijani, ile ya ukaazi, ilifika kwa posta. Nililia nimekaa sakafuni na koti langu la baridi. Nikampigia mama pekee, naye akapiga vigelegele, kisha akashusha sauti kama kuna mtu mlangoni. "Sasa usiambie mtu," akasema. "Mtu yeyote. Watu wana macho." Sikuhitaji kusukumwa. Niliificha kadi chini ya sweta, na nilipoulizwa mbona nang'aa siku hizi, nilisema ni mafuta mapya ya uso.

Wiki mbili zile zilikuwa ndefu. Walipokuwa Brussels mvua ilikuwa inanyesha, nami nikaishukuru mvua. Kisha akaweka picha ya wanawake watano wakikimbia kwenye mvua ileile, vitenge vimelowa na kukolea rangi, na ilikuwa picha bora kuliko yoyote niliyowahi kupiga. Wakaenda Paris. Akajipiga akifanya zoezi la kusukuma sakafu kando ya mto, huku Mfaransa mmoja aliyebeba mkate akimshangaa. Watu mia wakampongeza. Mimi siku hiyo nilimwogesha mzee aliyenitemea uji, na wakati nasugua sare yangu nilikuwa nawaza kama Mfaransa yule alipangwa.

Na sikuishia kuwaza. Jumapili, kina mama wawili wa kwaya waliniuliza kwa nini mimi sikwenda, nami ndiye mpiga picha wa siku zote. Nikasema siku hizi ana watu wa kiwango chake. Wakaguna kwa kunihurumia, nikapata utamu, nikaongeza. Nikawaambia lile tumbo bapa wasilisumbukie, mimi ndiye niliyekuwa namrekebishia picha zake, nilikuwa nalipunguza kwa kompyuta. Ulikuwa uongo mtupu. Sikuwahi kumgusa tumbo. Lile alilitafuta mwenyewe, saa kumi na moja alfajiri, miezi kumi na minane. Wale mama walicheka sana, na mimi nikacheka nao.

Siku nne baada ya wao kurudi nilikwenda Brooklyn Park kuchukua gauni la sare ya harusi ya binti mmoja wa kanisani. Yule fundi Mkongo alikuwa kwenye cherehani, amechoka lakini uso umejaa Ulaya. Aliponiona akasimama na kufungua mikono.

"Mwanangu! Ni weye nilikuwa nataka," akasema. "Nilimuambia mwenzako, leta ule mwenye alipiga mariage ya mtoto wangu. Akasema hapana, haiwezekani, uko na mariage ingine ile semaine. Nilisikia vibaya sana."

Sikuwa na harusi yoyote wiki ile. Sikuwa nayo mwezi mzima. Nilisimama pale na gauni mkononi na masikio yanawaka. Kwa hiyo nilikuwa nimetakiwa mimi mwenyewe, na yeye akanifungia mlango kwa uongo, akampa nafasi yangu mtoto asiyejua kadi inaingilia wapi. Namkumbuka mama yule akiniuliza kama gauni linanibana. Nilishaelekea mlangoni.

Kutoka pale hadi Blaine si mbali, lakini nilijipanga njia nzima. Nilikuwa na hotuba. Nilimkuta jikoni akikata sukuma wiki, masanduku ya safari bado yamesimama ukutani, na shemeji yake sebuleni anatazama mpira.

"Ulimwambia yule mama nina harusi," nikasema. Hata hodi sikupiga. "Harusi ya nani? Nitajie bibi harusi."

Aliweka kisu chini. Alikwenda kwanza kufunga mlango wa sebuleni, kisha akarudi akasimama karibu nami.

"Punguza sauti," akanong'ona. "Ulitaka nimwambie nini? Ati huna makaratasi? Yule mama anaongea na kila mtu. By Sunday kanisa lote lingejua. Nikaona heri mimi ndiyo nionekane mbaya."

"Nani alikuambia sina makaratasi?"

"Hakuna mtu aliniambia." Macho yake yalikuwa yamelowa na hii ilinikera, kwa sababu nilikuwa nimekuja kumliza mimi. "Si nilikuwa na wewe kwa hiyo kochi? Network ikapotea wakati wanashusha babako, ukaanza kugongesha simu kwa meza. Nani hukosa kuzika babake kama anaweza kurudi? Nikasema sitawahi kukuuliza. Hiyo trip ikikuja nikaona nikikuambia nitakuwa nakuumiza tu. Nilikuwa nataka kulia ile siku ya maombi."

Nilichukua jani la sukuma nikaanza kulichanachana.

"Hata yale mambo ya tumbo nimeyasikia," akasema. "Niliambiwa nikiwa bado Lisbon. Nikajiambia, acha, huyo ni uchungu wa makaratasi unaongea. Sikukasirika. Okay, nilikasirika kidogo."

Ningeweza kunyamaza hapo. Angenisamehe, tungekula sukuma, na ningeendelea kuwa mtu wa kuonewa huruma maisha yangu yote. Nilifikiria hilo, sitadanganya. Nilivuta kiti nikakaa.

"Nilipata," nikasema. "Kadi. Ninayo."

"Lini?"

"Januari."

"Januari ya huu mwaka?" Alianza kuhesabu kwa vidole, vidole vyenye vipande vya sukuma. "Tiketi tuli-book April. Viza ungeomba March, ungepata. Ningewaambia wangoje." Akaacha kuhesabu. "Wewe ndiyo nilikuwa nataka. Yule msichana alipoteza picha za Brussels za siku nzima. Nililala nikilia. Miezi hiyo yote tunaonana kila wiki. Mbona hukuniambia?"

Ningeweza kumsingizia mama. Mama alikuwa amesema, kweli, lakini mama hayuko Minnesota, wala hamjui huyu aliyenishikia tishu siku tunamzika baba.

"Nilidhani utanionea wivu," nikasema.

Nje mtu alikuwa anakata nyasi. Rafiki yangu alivuta kiti cha pili, akakaa, akajifuta mikono kwenye suruali pole pole, kidole kimoja kimoja.

"Ningekuonea," akasema. "Mimi kadi yangu nilingoja miaka kumi na moja. Ningekununia kama siku mbili. Halafu tungeenda."