Fundi viatu aliyeshusha gari lake akashindwa kutoka

Alhamisi, tarehe 9 Oktoba. Manyunyu yanaanguka tangu alfajiri, hakuna upepo, na maji ya paa la karakana ya kuchomelea yanadondoka taratibu kwenye ndoo mbili zilizowekwa mlangoni.

Saa mbili kasoro asubuhi, mwanamume aliye kwenye kiti cha magurudumu anajisogeza hadi ubavuni mwa gari dogo la njano la milango miwili. Anafungua mlango. Mlango huo ni mrefu kuliko wa gari la kawaida, na ukifunguka wote unaacha nafasi ambayo kiti chake kinaingia bila kugombana na chochote.

Anaweka kiganja kimoja juu ya kiti cha dereva, kingine juu ya kiti chake, anashusha pumzi, anajirusha. Mwili unatua ndani. Miguu anaivuta kwa mikono, mmoja baada ya mwingine. Kisha anakunja kiti cha magurudumu, anainama mbele na kukivuta hadi nyuma ya mgongo wake, pale ambapo zamani walikaa abiria wa nyuma.

"Sasa toka," anasema dada yake, aliyemshikia mwavuli.

"Dada, ndiyo kwanza nimeingia."

"Kuingia hakuna anayekuuliza. Toka nione."

Anatoka. Haraka hakuna, lakini anatoka mwenyewe. Dada anatikisa kichwa kukubali, ila uso haulegei. Saa nne wanatakiwa kwa mkaguzi wa magari, na huko ndiko itakakojulikana kama mdogo wake ataruhusiwa kuliendesha gari hili barabarani au litabaki pambo la karakana.

Mtaani wanamwita Soli. Ana miaka arobaini na sita, na kwa miaka ishirini na miwili ameshona viatu kwenye baraza ya duka la dawa. Siku ikiwa njema anamaliza jozi kumi na mbili. Siku ya mvua kama leo wateja huwa wachache asubuhi na wengi jioni, viatu vikishafumuka.

Miguu yake haijabeba mwili tangu alipougua polio akiwa na miaka mitatu. Hata hivyo, kila siku huvaa viatu vyeusi vya ngozi, vimepigwa rangi vikang'aa.

"Hivi nilivinunua miaka kumi na moja iliyopita, na soli bado ni mpya," anasema akicheka. "Watu wote wangekuwa kama mimi, ningekufa njaa."

Dada ndiye aliyemlea baada ya mama yao kufariki. Ana miaka hamsini na tano na hupiga pasi kwenye dobi la hoteli, kazi ya kusimama kutwa. Alimbeba mdogo wake mgongoni kwenda shule hadi alipofika darasa la tano, wakati mwalimu mmoja alipomtafutia kiti cha kwanza cha magurudumu.

Sasa ni magoti ya dada yanayogoma. Kazini anakwenda kwa miguu, karibu saa nzima, kwa sababu kituo cha basi kiko mbali na nyumbani na mbali na dobi vilevile. Daktari amemwambia achague: aache kutembea umbali huo au aache kazi. Soli hataki achague. Anataka kumpeleka kazini asubuhi na kumrudisha jioni.

Hiyo ndiyo sababu ya gari. Lakini Soli ni mkweli, na hafichi kwamba sababu ipo nyingine.

"Watu wakiniona nalo wanasema Mungu amenihurumia," anasema. "Ni kweli, na ninamshukuru asubuhi na jioni. Lakini mimi sikuomba huruma tu. Niliomba gari zuri."

Alilikuta limeegeshwa uani kwa mtu, majani yameota hadi kwenye taa. Mwenyewe alikuwa amekata tamaa ya kuliuza. Injini nzima, gia otomatiki, mwili mwembamba uliolala kama unataka kuondoka, lakini milango miwili tu.

"Kila mwenye familia akija anauliza watoto watapitia wapi," anakumbuka Soli. "Yule bwana akaniambia, 'Ndugu yangu, nisikudanganye, hili ni gari la mtu asiye na mke.' Nikamwambia basi tumeonana."

Bei ilikuwa ya kutupa, ingawa kwa fundi viatu hata hiyo ilimaliza akiba ya miaka minne. Wauzaji waliokuwa wakimtajia magari ya milango minne hawakuwahi kukaa kwenye kiti cha magurudumu. Milango ile ni mifupi. Ukifungua mmoja, nguzo ya katikati inakukaba, na kiti chako huna pa kukivutia. Huku, mlango mmoja mrefu unamaliza yote.

Kazi ya kulibadili aliifanya na rafiki yake mchomeleaji, jirani wa baraza, anayeitwa Cheche. Waliweka wenzo wa chuma karibu na usukani: ukisukuma, gari linashika breki, ukivuta, linaongeza mwendo. Kanyagio zimeachwa mahali pake ili mtu mwingine naye aweze kuliendesha. Waling'oa kiti cha nyuma. Soli mwenyewe akashona viti vya mbele upya kwa ngozi nyeusi na uzi mwekundu, mishono midogo ileile anayowawekea wateja wake wanaolipa vizuri.

Halafu yakaanza ya uzuri. Rimu pana. Bawa dogo nyuma, juu ya buti la mizigo. Ekzosi yenye sauti nzito, ambayo dada aliisikia mara moja tu akasema, "Hiyo itoeni, mtaa si wenu peke yenu." Ikatolewa.

Na mwisho, gari likashushwa.

Kushusha gari ni kubadili springi ili likae chini, karibu na barabara. Vijana wengi wenye magari ya aina hii hufanya hivyo. Cheche alilishusha vidole vinne, akasogea nyuma kulitazama, kisha akaenda kununua bolti. Soli hakuweza kungoja. Akafungua mlango, akateleza ndani.

"Niliingia kama samli kwenye wali wa moto," anasema. "Nikakaa. Nikashika usukani. Nikasema, Mungu wangu, asante. Baada ya muda nikataka kutoka."

Hakuweza. Kiti cha gari sasa kilikuwa chini sana kuliko kiti cha magurudumu, na mikono yake, pamoja na nguvu zote za kuvuta uzi wa nta, haikutosha kuuinua mwili hadi kule juu. Alijaribu, akarudi chini. Akajaribu tena. Akawasha redio.

Dada ndiye aliyefika wa kwanza, amebeba chakula cha mchana.

"Unafanya nini humo?"

"Nimekaa."

"Toka ule."

"Nitakula humuhumu, kuna muziki."

Dada alimtazama. Akalitazama gari lilivyolala. Akaelewa, akaanza kucheka mpaka akakaa juu ya tairi kuukuu na kufuta machozi kwa kanga. "Umejinunulia shimo," alimwambia. "Shimo lenye redio."

Kisha akasimama, akamwingiza mikono kwapani na kumwinua kama zamani. Hapo Soli aliacha kucheka.

"Nilisikia magoti yake yakilia," anasema kwa sauti ndogo. "Yote mawili. Yeye akajifanya hakuna kitu."

Pamoja na hayo, hakulipandisha gari. Alikwenda kwa mkaguzi kwa mara ya kwanza, wiki tatu zilizopita, akitumaini kwamba ataulizwa habari za breki na taa tu. Mkaguzi aliuliza breki, akauliza taa, akaridhika. Kisha akasema, "Sasa shuka."

Soli aliteleza mara mbili. Mara ya tatu Cheche akamshika, na mkaguzi akafunga kalamu yake.

"Breki zako ni nzuri kuliko za wengi," alimwambia. "Lakini gari likishika moto ukiwa peke yako, utatokaje?"

Wakarudi karakana bila muhuri.

Siku zilizofuata zilikuwa nzito. Cheche alipendekeza mto mnene juu ya kiti. Wakajaribu, kichwa cha Soli kikagusa paa. Wakafunga mkanda wa kujivutia juu ya mlango. Ulisaidia, lakini haukutosha. Kilichobaki kilikuwa kurudisha springi za zamani, na neno hilo hakuna aliyetaka kulitamka. Siku moja nzima Soli na Cheche hawakusemeshana, ingawa wametenganishwa na ukuta mmoja wa mabati.

Mtu wa mbali angeuliza vidole vinne ni kitu gani. Soli analijibu swali hilo bila hasira.

"Tangu utotoni, kila nilichopewa kina rangi ya hospitali," anasema. "Kiti cha kijivu. Magongo ya kijivu. Wanaotoa wana moyo mzuri, Mungu awabariki, ila hakuna aliyewahi kuniuliza napenda rangi gani. Hili gari ndilo kitu cha kwanza maishani mwangu ambacho watu walikitazama kabla ya kunitazama mimi. Lilipokuwa chini vile, lilikuwa zuri hadi nikaogopa."

Dada hakumsihi. Jioni moja alirudi kutoka dobini, akavua viatu, akaloweka miguu kwenye beseni la maji ya chumvi, akasali kimya. Soli alikuwa chumba cha pili na alimwona kupitia pazia. Dada alisali muda mrefu.

Asubuhi yake Soli alimwita Cheche. "Lipandishe."

"Vidole vyote vinne, kaka?"

"Vyote. Ila bawa usiliguse."

Tangu hapo amefanya mazoezi kila jioni baada ya kufunga baraza: kuingia, kutoka, kuingia, kutoka, mpaka wateja wanaochelewa wakawa wanamfuata garini kudai viatu vyao.

Saa nne wamefika uwanja wa ukaguzi. Cheche ndiye aliyeendesha, kwa sababu sheria haimruhusu Soli kabla ya muhuri; dada amekuja kwa basi, maana viti vimebaki viwili tu. Mvua imezidi kidogo. Chini ya kibanda cha kusubiria wapo akina mama wawili wenye gari la mizigo na dereva mmoja wa teksi, wote wakilitazama gari la njano.

Mkaguzi anamkumbuka. "Umelipandisha," anasema.

"Nimelipandisha, mkubwa."

Wanazunguka uwanja, Soli akiendesha, mkaguzi kando yake. Wenzo unasukumwa, gari linasimama palepale. Linarudi nyuma, linaingia katikati ya nguzo, linatoka. Dada amesimama na mwavuli aliosahau kuufungua. Midomo yake inacheza, anasali.

Kisha gari linasimama mbele ya kibanda na mkaguzi anashuka. "Haya, ndugu. Toka."

Kiti cha magurudumu kinatangulia nje na kukunjuliwa. Soli anaushika mkanda kwa mkono mmoja, anaweka mwingine kwenye kiti, anajiinua. Kiti kimelowa. Kiganja kinateleza na mwili unarudi chini kwa kishindo.

Dada anaacha mwavuli uanguke na kupiga hatua mbili.

"Mama, mwache," anasema mkaguzi kwa upole.

Dada anasimama. Kwa mwanamke aliyembeba mtu huyu miaka yote ile, huenda hakuna kazi ngumu aliyowahi kupewa kama hiyo ya kusimama. Anakunja mikono kifuani, anafumba macho.

Soli anavuta kitambaa cha kung'arishia viatu mfukoni, anafuta kiti taratibu kana kwamba mteja anamsubiri, anakirudisha kitambaa mfukoni. Anashika. Anajiinua. Kwa kitambo kidogo yuko hewani, mishipa ya shingo imesimama, na mvua inamwangukia usoni. Kisha yupo kwenye kiti chake, anaipanga miguu, anafunga kifungo cha shati kilichofunguka.

Mmoja wa akina mama kibandani anapiga makofi, mwenzake anamfinya anyamaze.

Mkaguzi anaandika. Anazunguka nyuma ya gari. "Na hili bawa lina kazi gani?"

"Halina kazi, mkubwa. Ni zuri tu."

Mkaguzi analitazama kidogo. "Uzuri haujakatazwa," anasema, na kumkabidhi karatasi yenye muhuri.

Cheche anamkumbatia Soli, kiti na vyote. Dada anamshukuru Mungu kwa sauti, kisha anakwenda zake kukaa kibandani.

"Dada, twende. Leo naendesha mimi, Cheche atapanda basi."

"Nendeni. Mimi nitatembea."

"Na magoti?"

"Magoti nayajua. Wewe sikujui ukiwa ndani ya hicho kitu. Mtu anayetaka gari lilale chini namna ile hana nia ya kwenda polepole."

Dereva wa teksi anacheka. "Hapo mama amesema."

"Sijawahi kukuomba kitu," dada anaendelea, "na leo naomba kimoja. Niahidi, na watu hawa wasikie, kwa sababu ukiniahidi nyumbani utakuja kuniambia nilisikia vibaya."

Soli anasukuma kiti chake hadi chini ya kibanda. Cheche anavua kofia. Akina mama wawili wanasogea, na mkaguzi, aliyekuwa anaondoka, anasimama.

"Mbele ya Mungu na hawa wote," anasema Soli. "Kuanzia kesho, dada yangu hatakwenda kazini kwa miguu maadamu mikono yangu ina nguvu. Na akiwa ndani, sitapita mwendo wa hamsini, hata barabara ikiwa tupu, hata vijana wakinipigia honi na kunizomea. Siku nikipita, ashuke na ufunguo, na mimi nibaki humo ndani mpaka atakapoamua mwenyewe nitoke."