Siku Wifi Alipokataa Kuvua Khanga

Wifi yangu, dada mkubwa wa mume wangu, alikuwa ametoka tu kuugua homa tulipokwenda Goweko kuhani msiba. Siku ya kurudi Tabora treni haikuja, naye hakutaka kungoja. Tukaondoka asubuhi kwa miguu, tukifuata njia ya zamani ya misafara kando ya reli, tukipanga kulala kwa ndugu zake njiani. Ulikuwa wakati wa Mwingereza, mvua zimekolea.

Mvua ilitukuta mbugani, pasipo pa kujibanza. Upepo ulivuma, khanga zikatugandama. Tulipofika kwenye kibanda cha vibarua wa reli, wifi alikuwa akitetemeka, meno yanagongana.

Walikuwamo wanaume watatu na moto wa kuni mbichi. Mkubwa wao, mzee wa Kinyamwezi, aliitikia shikamoo zetu, akatupatia magunia makavu.

"Vueni hizo nguo, mama zangu. Sisi tunatoka. Baba yangu alikuwa mpagazi wa njia hii, wakinyeshewa walivua. Nguo mbichi hunyonya joto la mtu."

Wakasimama nje mvuani. Nilivua upesi, nikajifunga gunia. Wifi akabaki vilevile.

"Siwezi kukaa hivyo na wanaume wako mlangoni," alisema. "Zitanikaukia mwilini."

Nilimsihi mara moja tu. Alikuwa mkubwa kwangu. Nikawaita wale wanaume waingie, maana walikuwa wananyeshewa bure.

Baadaye akaacha kutetemeka. Nikafurahi. Nikamwambia mzee, "Amepata nafuu."

Mzee alimshika mkono, akasema, "Hapana, baridi imemwingia ndani." Wifi akasema kwa ulimi mzito kwamba anasikia joto. Akaniita mama.

Hapo tulimvua, mimi na yule mzee, hakuna aliyeona haya tena. Nikamkumbatia chini ya magunia yote. Ngozi yake ilikuwa baridi kama mtungi wa maji. Alikata roho kabla ya alasiri.

Mume wangu hakunilaumu. Aliniuliza tu kama dada yake aliteseka, nikasema hapana. Sikumweleza ule muda niliokaa nikiota moto, nimeridhika kwamba ametulia. Hata sasa, mzee nilivyo, mtu akinyamaza ghafla nyumbani, mimi huinuka nikamshika mikono.